Uzi Kiunoni mwa Kasiva

Kahonzi alikuwa na sababu nyingi za kumchukia mke wa mwanawe, na zote alizimeza siku ya kwanza alipomwona anavyokula.

Msichana mwenyewe, Kasiva, alikuwa Mkamba wa Kitui, Kigiriama chake hakikuvuka salamu, na Fondo alikuwa amemtwaa hukohuko Malindi bila kuuliza mtu. Lakini alipoandaliwa sima pale kijijini Adu aliila ikaisha, akafuta sahani kwa kidole, akauliza, "Mama, imebaki?" Kahonzi akamwongeza, na moyo wake ukalegea. Tangu hapo akawa akimtembeza sokoni makusudi, mwanamke mnene anayejaza njia, ili watu waone kwamba Fondo hafui tu mashuka ya Wazungu hotelini bali analisha mke akashiba. Alimtungia kwa mkono wake shanga za kiunoni, nyekundu na nyeupe, na kila mwaka alilazimika kuongeza shanga nyingine kwa sababu kiuno kilikuwa hakiishi kukua. Mjane asiye na ng'ombe hujivunia alichonacho, na Kahonzi alikuwa na mkaza mwana mnene.

Basi jaribu kuifikiria ghadhabu yake siku Kasiva alipoketi mkekani palepale, akaimega sima katikati, akasukuma nusu moja pembeni, akala ile nyingine polepole, akanawa.

"Nimeshiba, mama."

Kahonzi aliitazama ile nusu. Ilikuwa sima nyeupe ya mahindi ya shamba lake mwenyewe, na haukuwa umepita muda tangu ile njaa kubwa iliyowalisha mahindi ya njano ya msaada, mahindi ambayo watu waliyala huku wameziba pua. Na kuku alichinjwa. Mtu hachinji kuku Adu ili abakizwe.

Tena kulikuwa na jambo zito kuliko kuku. Kwa Wagiriama wa kule, anayebakiza chakula ndani ya nyumba ya mtu amesema bila kufungua mdomo kwamba ameona kitu humo, yaani uchawi. Ndiyo maana mwenye tembo la mnazi hulionja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe. Kasiva hakulijua hilo, au alilijua akalipuuza, na kwa Kahonzi yote mawili yalikuwa sawa. Ubaya zaidi, Kadii alikuwa mlangoni, amekuja kuomba chumvi.

Kadii alikuwa mke wa Mwambire, mdogo wa marehemu mume wa Kahonzi, na Mwambire ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma sasa. Binti yao alikuwa amekufa kwa surua. Kadii hakupata kusema neno waziwazi, ila tangu maziko hayo hakukubali tena kuketi kwenye kigoda cha Kahonzi. Alikuwa akisimama.

"Umeona nini humo?" Kahonzi alimwuliza mkaza mwana wake.

"Sijaona kitu, mama. Nesi ameniambia nipunguze mwili. Presha imepanda."

"Nesi gani anayemkataza mtu chakula?"

Kasiva akaeleza, na Kadii akasikiliza kwa masikio yote mawili. Mamake Kasiva alikuwa mnene vivyo hivyo. Alipigwa na kiharusi akiwa kisimani, akalala upande mmoja miaka mingi mpaka akafa, na Kasiva ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumwosha. Sasa presha ileile ilikuwa imemfika yeye. Mara ya kwanza alishika njia ya kujitesa: chai ya rangi na ndimu, chakula hakuna, mpaka akaanguka juu ya cherehani yake mjini mbele ya wateja. Mwili ulipungua upesi, ukarudi upesi zaidi, tena na nyongeza. Nyaboke, nesi wa zahanati ya kule Muyeye, Malindi, walikokaa, alimkaripia kama mtoto. Akamwambia ale vyakula vyake vilevile, sima nusu, mboga ajaze, sukari kijiko kimoja, atembee kwa miguu kwenda kazini na kurudi, na akome kuwa na haraka.

"Na hiyo nusu nyingine nimpe nani?" Kahonzi alifoka. "Nizike?"

Kadii akacheka peke yake. Alichukua chumvi yake akaenda zake, na kabla jua halijatua boma zima lilikwisha kujua kwamba mkaza mwana wa Kahonzi anaogopa chakula cha Kahonzi.

Vita vikaanza. Kila Kasiva alipokuja mwisho wa mwezi, Kahonzi alikuwa amejipanga. Mchicha aliutilia tui la kwanza, zito, bila kulichanganya na la pili. Samaki mkavu alimuunga kwa nazi, akamwagia samli juu yake. Sima aliijenga ikawa kichuguu. Kasiva alitoa shikamoo yake, akaketi, akamega katikati, akasukuma. Hakununa wala hakubishana, na hilo ndilo lililomkera Kahonzi kuliko yote. Angependa sana apate mtu wa kugombana naye. Ilipokuwa harusi ya jirani, Kasiva alikula pilau na nyama na kucheza, Kahonzi akadhani wazimu umekwisha. Kesho yake asubuhi, nusu ileile.

Mwili wake haukuporomoka. Ungeporomoka, watu wangesema homa, wangesema mimba imetoka, wangepata la kusema na kusahau. Ulikwenda kidogo kidogo. Mwezi huu kidevu cha pili hakipo, mwezi ule mfupa wa bega unaonekana. Aliposhuka garini kwenye barabara kubwa, vijana wa baiskeli walimwita apande nyuma, naye akakataa akaja kwa mguu kutoka huko kote, amebeba kikapu kichwani, na njia nzima watu wakisimama kumtazama anavyopungua.

Kahonzi hakuwa mjinga. Mwaka uliotangulia, ng'ambo ya mto, kizee mmoja mwenye macho mekundu alichomewa nyumba usingizini kwa maneno madogo kuliko haya, na waliomchomea walikuwa wajukuu zake. Kahonzi naye alikuwa kizee, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni kama ya kila mwanamke aliyepika maisha yake yote. Aliogopa. Usiku alikuwa akilaza panga chini ya kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata njaa ilipoleta wezi.

Akaja na dawa yake mwenyewe. Kasiva alipomega sima, Kahonzi aliiburuta sahani nje uani, mahali kila mtu anapoona, akaketi akaila ile nusu iliyobaki, tonge kwa tonge, akimkodolea macho kila anayepita. Chakula changu nakila mwenyewe! Nani anasema kina kitu? Wakawa hivyo kila mwezi, wawili katika sahani moja, bila neno, mmoja akila kwa kiasi na mwingine akila kwa hasira.

Wala hakuona alichojifanyia. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kikombe cha uji asubuhi na kipande cha muhogo jioni. Tangu mumewe afe, kujipikia mtu mmoja kulimchosha. Sasa Fondo, aliposikia mama anakula, akawa anampa mkewe unga na maharagwe ayapeleke Adu, na Kahonzi akashika mazoea ya kula sawasawa hata Kasiva asipokuwepo. Mashavu yakamjaa. Hando yake, ile sketi nyeupe ya marinda waliyokuwa wakiivaa akina mama wa zamani, ikaanza kumbana.

"Tazameni wenyewe," Kadii aliwaambia wanawake kisimani, tena kwa sauti ili Kahonzi asikie. "Nyama inahama. Inatoka mwili ule inaingia mwili huu. Mimi sisemi kitu."

Kahonzi alirudi nyumbani na ndoo tupu. Hakujua kama kilichomrudisha ni hofu au hamu ya kumshika mwanamke yule koo.

Balaa lenyewe lilitokea wakati wa mavuno. Wanawake wa boma walikuwa uani wakitwanga, Kasiva naye na mchi wake, leso ameikaza kifuani. Aliinua mchi, akaushusha, na shanga zikateremka. Zilipita nyonga, zikapita mapaja, zikaanguka kwenye vifundo vya miguu zikalala mavumbini, nyekundu na nyeupe, mzunguko mkubwa ambao yeye angeweza kuuingia mara mbili. Michi yote ikanyamaza.

Kadii ndiye aliyeinama akaziokota. Alizinyanyua juu kwa vidole viwili, akampelekea mumewe.

Mwambire hakupenda makuu. Alikuwa mtu wa kutafuta amani yake, na amani yake siku zote ilipatikana kwa kumkubalia mkewe. Alimwita Kahonzi alasiri hiyohiyo, wazee wawili wa jirani wakiwepo, akazungumza akiwa anatazama kidole chake cha mguu.

"Mama Fondo, mimi sikushtaki. Lakini watu wanaona. Mke wa Fondo anaisha. Nani anamla?"

"Muulize mwenyewe anayeisha," Kahonzi alijibu. "Mimi nimempikia, yeye akatupa."

"Utakwenda kwa mganga ukale kiapo cha papai, au utahama boma hili. Chagua."

Kiapo cha papai kila mtu alikijua. Mganga husoma maneno yake juu ya kipande, mshtakiwa hula, na mwenye hatia huvimba mdomo. Kahonzi alikuwa amewahi kuona mdomo ukimvimba mwanamke ambaye, kwa akili zake zote, hakuwa na hatia yoyote isipokuwa woga. Akajiona yeye. Akamgeukia Kasiva aliyekuwa amesimama nyuma, akasema yaliyokuwa yamemkaa rohoni tangu kuku yule.

"Umefurahi? Ulikuja hapa huna kwenu, nikakulisha kwa mkono huu, leo unaniua kwa nusu ya sima! Si ungekula tu? Kulikugharimu nini kula?"

"Kulimgharimu mama yangu," Kasiva alisema.

Kisha akapita mbele, akawapigia wazee goti, akasema kwa Kiswahili chake cha bara kilichonyooka. "Shikamooni wazee. Naomba kuuliza. Mtu aliyerogwa akonde, hukonda akafika wapi?"

Mzee mmoja akacheka puani. "Hafiki popote. Huenda mpaka kaburini. Mtsai, yaani mchawi, hamwachi mtu katikati."

"Basi nifungeni shanga upya leo, kwa kiuno nilicho nacho leo. Afunge huyohuyo mama Kadii. Mavuno yajayo nitakuja mkague. Zikianguka, mama ale hilo papai. Zikikaa, mumwache."

"Na zikikatika kwa kunenepa?" Kadii aliuliza haraka.

"Zikikatika mseme nimezikata kuficha. Nimekubali hata hilo."

Wazee wakatazamana, wakaona hawapotezi kitu. Wanawake wakaingia ndani, maana kiuno si cha kutazamwa na wanaume. Kadii alitoa shanga zilizozidi, akazungusha uzi, na Kahonzi akaona kwa macho yake jinsi alivyoingiza vidole viwili ndani kabla ya kukaza, ili ubaki ulegevu. Kisha akapaka fundo nta ya nyuki, likaganda, lisiweze kufunguliwa bila kujulikana. Kahonzi angelalamika, wangesema anaogopa.

Alisema baadaye, walipobaki wawili. "Umeona alivyofunga?"

"Nimeona, mama."

"Vidole viwili. Homa moja tu, zimeanguka. Sasa utakula, unasikia? Utakula sima nzima mpaka kiuno kishike uzi."

"Nitakula nusu." Kasiva alikuwa anakunja leso zake kikapuni. "Sikupunguza kwa ajili ya Kadii, na sitanenepa kwa ajili yako. Nyaboke ameniambia sasa nimefika, nisishuke tena. Anasema kupungua wanawake wote huweza, ila hajaona anayekaa hapo alipofika. Nataka nikae. Hata bila shanga zenu nilitaka nikae."

"Zenu!" Kahonzi alisema. "Shanga nilizokutungia mimi!"

Walilala siku hiyo bila kuagana.

Mwaka ukaenda, na Kahonzi akawa mtu wa kitu kimoja tu. Asubuhi aliamka na kiuno cha Kasiva, usiku alilala nacho. Hakumpenda mwanamke yule, na hakujidanganya kwamba anampenda, lakini kiuno kile kilikuwa shingo yake. Kila mwisho wa mwezi alimvuta ndani akamfunua leso kabla hata ya salamu, akapitisha kidole chini ya uzi. Akipata kidole kikipita kwa urahisi, alimgombeza kwa nini hali. Akipata uzi umebana kidogo baada ya Krismasi na mahamri ya Muyeye, alimgombeza kwa nini anakula. Kasiva alimwacha apime. Alisema mwili hupanda kidogo ukashuka kidogo, ndivyo ulivyo, asitazame kila shanga.

Kwa Kadii hakukuwa na siku ya kupumua. Alileta zawadi ya uji wa ndizi akampa Kasiva njiani, akitaka aonekane anakula kwa wengine na kukataa kwa Kahonzi. Kasiva alikunywa nusu kikombe akarudisha nusu. Kadii akatema mate.

Mvua za mwaka zilipokuja, Fondo alimtumia mama yake mtu: Kasiva ana malaria, hali kitu. Kahonzi hakungoja asubuhi ya pili. Alifika Muyeye nguo zimemlowa, akaingia chumba chao kimoja kati ya vyumba vingi vilivyobanana, akakuta mkaza mwana amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, na mkono mmoja ameushindilia ubavuni. Kahonzi alijua ameshika nini. Akaufunua. Uzi ulikuwa umeshuka chini ya mfupa wa nyonga, na Kasiva alikuwa akiuzuia kwa kiganja, ndani ya homa, usiteremke.

Kahonzi alimrudishia leso kwa hasira.

"Amka," alisema. "Twende kwa huyo nesi wako."

Nyaboke alikuwa mwanamke mfupi wa Kisii, na hakuwa na adabu ya pwani hata chembe. Alimpiga Kasiva sindano, akamgeukia Kahonzi. "Ni wewe ndiye unamwekea mlima wa ugali? Sikia, nyanya. Mgonjwa wa malaria hapewi mlima. Uji kidogo, kila saa kidogo, supu, maji mengi. Akipona njaa itamrudia kwa fujo. Hapo ndipo utamharibu. Watu wengi hurudi walikotoka wakati wa kupona, kwa sababu mama zao wanawaonea huruma."

"Mimi simwonei huruma," Kahonzi alisema.

"Basi utamfaa," Nyaboke akajibu, akaita mgonjwa mwingine.

Kahonzi akakaa Muyeye. Alimpikia uji mwepesi na kumnywesha kijiko kwa kijiko, akimtukana kwa upole ilipobidi na kwa ukali ilipofaa. Homa ikashuka. Na kweli, njaa ikaja kwa fujo. Jioni moja Kahonzi alisonga sima, akaigawa, akageuka kuchukua mboga. Aliporudi alimkuta Kasiva ameimaliza nusu yake na ameingia katika ya Fondo, anabugia bila kutafuna, machozi yanamtoka, mikono yote miwili. Alikuwa anakula kama yule bibi harusi wa zamani aliyeuliza kama imebaki.

Hiki ndicho Kahonzi alichokiomba mwezi hadi mwezi. Kilikuwa mbele yake, bure, na hakuna Kadii wa kuona. Ungeulizwa moyo wake, ungesema mwache, mwongeze, uzi ushike.

"Toa mkono!" alipiga kelele, akampokonya sahani. "Toa! Mama yako ulimgeuza wewe. Wewe nani atakugeuza? Mimi? Mgongo wangu huu?"

Kasiva alibaki na mikono yake hewani, imejaa sima. Kisha akanawa. Wala hawakulizungumza tena jambo lile. Kesho yake Kahonzi alimpa nusu, mchicha tele, na kipande cha samaki, na alasiri akamtoa nje wakatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, mkaza mwana mbele, mavyaa nyuma, akihema na kulalamika.

Mavuno yakafika. Wazee wakaitwa, Mwambire akaketi akatazama kidole chake cha mguu. Kasiva alikuja kwa mguu kutoka barabarani kama kawaida yake. Wanawake wakaingia ndani, mlango ukafungwa, na Kahonzi akabaki ameegemea ukuta mle ndani.

Kadii alipiga magoti mbele ya Kasiva akaushika uzi. Alikagua fundo, nta ilikuwa ileile na alama ya kidole chake ilikuwapo. Aliingiza vidole viwili. Vilipita, vikabana palepale alipoviacha mwaka jana. Akavuta chini. Zikakataa kwenye nyonga. Akavuta kwa nguvu, kwa mikono miwili, hata ngozi ya Kasiva ikafanya michirizi, na Kasiva akamwacha avute.

"Basi, Kadii," mwanamke mmoja alisema. "Zimekaa."

"Zimekaa," Kadii alisema. Alikuwa bado amezishika. "Kwa hiyo mwanangu aliliwa na nani?"

Kahonzi alikuwa amengoja mwaka mzima aone uso ule ukishindwa, na sasa alipouona haukumpa raha aliyoitarajia. Lakini hakumsamehe. Wasiomjua Kahonzi ndio wangedhani alimsamehe.

Wazee waliambiwa, wakaitikia, wakauliza chakula. Kahonzi akapika. Akawakaribisha wote uani, akampakulia Kadii sahani yake mwenyewe, akamwekea mbele ya macho ya watu, akasogeza na kigoda.

"Kaa. Kula."

Kadii alikitazama kigoda, akaketi. Akaitazama sahani, hakuigusa. Wote waliona kwamba sasa yeye ndiye aliyekuwa akisema lile lisilosemwa. Kahonzi hakumsaidia haraka. Alimwacha akae na kimya chake kama alivyokaa nacho yeye mwaka mzima. Kisha akachutama, akaimega sima ile katikati, akala nusu yake yote, tonge kwa tonge, akamwonyesha mkono mtupu.

"Iliyobaki ni yako. Usinibakizie."

Kadii akala. Alikula akilia, akamaliza, na hakusema ahsante, wala hakuna aliyeitaka.

Kasiva alikuwa amekaa pembeni mkekani, amejinyoosha miguu yake iliyochoka kwa kutembea. Watu walikuwa wamekwisha kutosheka na habari yake, hakuna aliyemwangalia tena. Shanga zilikuwa zimekwisha kazi. Kahonzi sasa angeweza kumjengea kichuguu kile cha zamani, na mkaza mwana angekataa, na wangegombana kama watu.

"Mama," Kasiva akaita, "na changu?"

Kahonzi alikuwa tayari ameshakipakua. Mboga ilikuwa imefunika sahani, samaki kipande kimoja, na sima imekatwa katikati, nusu imeachwa chunguni. Alimwekea mbele kwa kishindo.

"Chako hicho. Ukiomba nyingine nitakuvunja mkono."